Ndovu kwa Mwandawiro

Sauti Mwandawiro alipewa, hilo habishi mtu. Kanisani walimtia kwaya ya wanaume, wakamtoa wiki iyo hiyo kwa sababu alikuwa akiwameza wenzake wote. Harusini hakuhitaji kipaza sauti. Lakini shambani ndiko sauti yake ilikokuwa na kazi ya maana, kwa sababu huku kwetu chini ya mlima Kasigau mtu hulima, halafu hulinda, na kulinda kunachosha kuliko kulima. Usipolinda, ndovu anatoka upande wa ranchi, anakula jasho lako la mwaka mzima kwa muda ule wa mtu kuoga, anaenda zake. Wewe unabaki kuokota mabua.

Ulinzi wenyewe ulikuwa na utaratibu. Kila mwenye shamba alikuwa na dungu lake, kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya nguzo, na debe tupu la kupiga. Ndovu wakiingia kwako hupigi kelele ovyo. Unamtaja mnyama, halafu unajitaja mwenyewe, maana gizani nani atajua kelele imetoka wapi? "Ndovu kwa fulani!" Jirani akisikia anaitikia kwa debe, wa tatu anampokea, na hujamaliza kuita mara ya pili watu wako njiani na tochi na mbwa. Hakuna cha kuuliza kama tunaongea au tumenuniana. Unaitikia, basi. Na Mwandawiro akiita, "Ndovu-u-u kwa Mwandawiro-o-o!" aliivuta ile o mpaka ikagonga mlima ikarudi. Hata kijiji cha pili walikuwa wakitoka nje. Alisifiwa sana kwa hilo, na asikudanganye mtu, alipenda kusifiwa.

Tena hakuanza kupenda sifa hapo. Ni yeye aliyeleta TV ya kwanza kijijini, wakati ule akiwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Voi. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, yenye kisogo kirefu, akaja ameipakata juu ya lori kama mtoto mchanga. Iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ilipelekwa Maungu kuchajiwa. Antena aliifunga kwenye mlingoti mrefu nyuma ya nyumba. Jioni Mwandawiro alikuwa huko nyuma akiuzungusha ule mlingoti, na Elsie, mke wake, ndani akiangalia picha na kumpigia kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo! Hapo hapo! Ala, Baba Cynthia, umepita!" Walicheka mpaka majirani wakaja kuona kinachochekwa, wakakaa, na tangu siku hiyo hawakuondoka. Sebule ilijaa. Watoto waliambiwa wanawe miguu kwanza ndipo waingie.

Kisha serikali ikasema tunahamia dijitali. Mwandawiro alidhani wanaohama ni wale walioko studio, yeye inamhusu nini? Siku mitambo ilipozimwa, akawasha TV yake akakuta chengachenga. Akaizungusha antena. Akaipiga kofi ubavuni. Akaenda Maungu kuchaji betri upya, masikini, akarudi na betri imejaa, na chengachenga ni zilezile. Vijana wakampa jina papo hapo: Analogi. Elsie akaanza kukunja mashuka na kuyaweka juu ya ile TV, na ndiyo ikawa kazi yake.

Miaka ikapita hivyo hivyo, jioni ni redio na mazungumzo. Halafu zikaingia sola. Wacha bwana! Mtu nyumba yake ni ya udongo, mabati yametoboka, mvua ikinyesha anahamisha kitanda, lakini ukutani ana skrini bapa na wufa chini yake inayotikisa vikombe. Wa kwanza alikuwa Geoffrey, kijana mwenye pikipiki na kibanda cha kuchaji simu pale njia panda, ambaye pia anauzia watu filamu kwenye flashi. Akafuata mwalimu. Akafuata shemeji yake mwalimu, ili asipitwe. Baada ya hapo ukawa ni ugonjwa, hata aliyekuwa akisema TV ni ya wavivu ulimkuta juu ya paa na nyundo.

Madungu yakaanza kukaa matupu. Si kwamba watu waliacha kulinda, la, wao wenyewe wangekuapia kwamba wanalinda. Walilinda kwa sikio moja, wakiwa kwenye kochi. "Tunasikiza kutoka nyumbani," walisema, "ndovu akija si tutamsikia?" Mwandawiro aliwagombeza hadharani, baada ya ibada. Wakamcheka. Analogi huyo, walisema, ana wivu. Kisha binti yake Cynthia, anayefanya kazi hotelini Voi, akawaletea wazazi wake seti nzima, paneli, betri, skrini na remoti. Elsie alifurahi mpaka akalia. Mwandawiro alipanda juu ya paa mwenyewe kufunga paneli, na safari hii hapakuwa na antena ya kuzungusha wala mtu wa kupigiwa kelele dirishani. Picha ilikuja yenyewe.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukasirika. Siku moja Geoffrey alipita kwenye dungu la Mwandawiro, akatoa simu.

"Mzee, hebu nipe ile sauti yako nikurekodi. Utakuwa staa, nakuambia."

Na Mwandawiro, mzee mzima, alifanya nini? Alishuka, akaenda nyumbani kubadilisha shati. Akarudi na lile jeupe la Pasaka, akapanda dunguni, akaiita, "Ndovu-u-u kwa Mwandawiro-o-o!" Akaiita tena. Akaiita ya tatu kwa sababu Geoffrey alisema pikipiki ilipita ikaharibu. Geoffrey akaenda kibandani kwake, akabandika ngoma chini ya ile sauti, akatia na picha ya ndovu aliyoitoa kwenye filamu, akaifunga kwenye flashi. Wiki haikuisha kila nyumba ilikuwa nayo.

Watu waliipenda, wallahi waliipenda, na haikuwa kwa ubaya. Watoto waliiomba kabla ya kulala. Wageni waliwekewa. Mwandawiro mwenyewe alikuwa akibisha hodi nyumba moja baada ya nyingine: "Hebu wekeni ile yangu." Alipewa kiti cha mbele. Ukipita njiani jioni ungeisikia kwa mwalimu, ukienda mbele kidogo ungeisikia kwa Geoffrey, imekuzwa na wufa mpaka inashinda ya mwenyewe. Siku za kwanza watu walishtuka, mmoja wawili wakatoka na tochi, wakakuta watoto wamejishika mbavu. Baadaye hakuna aliyeshtuka.

Ni mtu mmoja tu aliyemwambia ukweli, naye ni Kavinya, mama Mkamba anayepakana naye kwa shamba la chini. Huyo hakuwa na TV na hakuwa na haja nayo.

"Mzee Mwandawiro, sauti ya shamba umeifanya wimbo," alimwambia kisimani, mbele ya watu. "Siku ukilia kweli, nani atajua?"

"Wewe Kavinya una wivu," Mwandawiro alimjibu. "Ukinunua yako nitakuja nikuwekee bure."

Wanawake wakacheka. Kavinya akajitwika mtungi wake akaenda, na tangu hapo hawakusalimiana.

Mahindi ya mwaka huo yalitoka mazuri ajabu. Yalikuwa yamekomaa, yanangoja kukauka tu, na Mwandawiro alikuwa amekwisha kuyala kwa mawazo. Jioni moja akaenda dunguni peke yake. Kijiji kizima kilikuwa ndani, kwa sababu ile tamthilia ya jioni ilikuwa imefika pale msichana aliyeteswa na mama mkwe anaolewa hatimaye, na wanawake walikuwa wamelingoja jambo hilo tangu msimu wa kulima. Wanaume nao walijifanya hawaangalii. Jua lilikuwa limeshazama. Kutoka juu ya dungu Mwandawiro aliona madirisha yote yakimetameta rangi ya samawati, na la karibu kuliko yote lilikuwa la nyumbani kwake.

Alisikia ua ukivunjika. Ndovu hana haraka, anavunja kama mtu anayevunja kuni zake. Mwandawiro akasimama, akaita.

"Ndovu-u-u kwa Mwandawiro-o-o!"

Akangoja debe. Kimya. Akaita tena, kwa nguvu zake zote. Safari hii alijibiwa. Sauti ya mtoto, kutoka upande wa kwa mwalimu, ilimwiga, "Kwa Mwandawiro-o-o!" na nyumba nzima ikacheka. Aliwasikia wakicheka. Alijua kucheka kwa nani ni kupi.

Akaanza kushuka ili aliwahi debe, maana lilikuwa chini, alikuwa amelikalia mchana. Hakumwona yule jike mwenye mtoto aliyekuwa upande wa nyuma. Hakurushwa juu kama watu wanavyosimulia sasa. Alisukumwa tu, mara moja, kama unavyosukuma mlango, akaenda kupiga nguzo ya dungu, na nyonga ikalia ndani yake kama ubao unaovunjika. Ndovu wakampita wakaendelea kula. Alilala pale kati ya mabua, uso kwenye udongo, mguu hausikii amri.

Sasa hakuwa na pumzi ya kuvuta ile o. Wala hakutaka kumwita ndovu tena, ndovu walikuwa pale pale. Alimwita mke wake.

"Mama Cynthia!"

Dirisha lilikuwa karibu, angeweza kulirushia jiwe.

"Mama Cynthia-a!"

Kilichomjibu kilikuwa muziki wa ile harusi. Uliongezeka. Ulikuwa unasikika kwa mbali, mara ukapanda, vigelegele na tarumbeta, ukajaa shamba lote. Labda tamthilia yenyewe ndiyo ilikuwa imefika pale pa nderemo. Au labda kuna mkono ulioshika remoti.

Aliyekuja ni Kavinya. Alitoka shamba la chini na tochi mbovu, akimpigapiga mbwa wake aende mbele, akamkuta. Hakusema neno juu ya kisima. Alilichukua debe akalipiga mpaka likapinda, akapiga na mayowe ya Kikamba, na hayo, kwa kuwa hayakuwa kwenye flashi ya mtu yeyote, yaliwatoa watu wote kwenye makochi yao. Walimbeba kwenye mlango uliong'olewa, wakampakia pikapu, na ile barabara ya kwenda Maungu unaijua mwenyewe. Kila shimo alilitaja kwa jina lake. Elsie alikuwa amempakata kichwa njia nzima, akilia, akisema pole Baba Cynthia, pole, pole.

Aliporudi kutoka hospitali Voi alikuwa na magongo mawili na nyonga isiyokunjika. Shambani hakuna kilichobaki. Basi watu wakaja kumpa pole, mmoja mmoja na kwa makundi, na sukari na unga, na kila mmoja alisema maneno yale yale.

"Tulidhani ni ile video."

Mwalimu alisema. Mke wa mwalimu alisema. Mzee wa kanisa alisema, akaomba kwa kirefu. Geoffrey hakuja. Mwandawiro aliwaitikia wote kwa kichwa. Angewalaumu vipi? Shati la Pasaka alilivaa nani? Nyumba kwa nyumba alienda nani kuomba awekewe? Alijikasirikia mwenyewe kuliko alivyowakasirikia wao, na hasira ya hivyo angalau mtu anaimeza, anaendelea kuishi.

Lakini siku moja, wageni wamejaa sebuleni, Elsie naye akasema. Alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta chini ya ile skrini.

"Hata mimi jamani, hata mimi nilidhani ni ile video ya Geoffrey."

Wageni wakatikisa vichwa, wakasema masikini Mama Cynthia. Mwandawiro alimtazama tu, chake hakukitikisa. Kwa sababu ile video aliijua neno kwa neno. Mara tatu, ndovu, Mwandawiro, ngoma, basi. Hakuna mahali ndani yake anapoita Mama Cynthia.

Hakuwa amemwambia mtu kwamba alimwita. Aliona aibu, mwanamume kulala chini akimlilia mkewe. Sasa hakuweza kumwambia, maana kumwambia ni kumuuliza, na akiuliza atajibiwa. Akajipa sababu. Pengine kweli alisikia zile mbili za kwanza akadhani ni video, na zile za mwisho hakuzisikia kabisa, pumzi ilikuwa haitoki. Pengine muziki ulipanda wenyewe. Asubuhi alikuwa anaamini hivyo. Mchana Elsie akimletea chakula, akimpangia mto mgongoni, akimwosha mguu ule uliokufa kwa maji ya uvuguvugu, alimtazama mikono na asiamini tena. Alikula chakula chake bila kuonja. Alikuwa na jambo moja tu la kutaka kujua duniani, na mtu wa kumjibu alikuwa akilala naye kitanda kimoja. TV haikuwashwa tena nyumbani humo. Elsie aliifunika kwa kitambaa, na hakuna aliyemwambia aifunike.

Geoffrey alikuja hatimaye, mchana, bila pikipiki, kofia mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mzee, nimezunguka nyumba zote. Nimefuta kwa kila mtu. Imebaki hii yangu tu." Akaonyesha flashi kwenye kiganja. "Nimekuja niifute mbele yako. Nisamehe, mzee wangu. Sikujua."

Elsie alikuwa sakafuni na ungo, anachambua pojo. Mwandawiro aliitazama ile flashi.

"Kabla hujafuta," alisema, "iweke."

"Mzee, ya nini sasa?"

"Nimesema iweke. Mpaka mwisho."

Geoffrey alimtazama Elsie, Elsie akatazama pojo. Kijana akaondoa kitambaa, akawasha, akachomeka. Akatokea mtu juu ya dungu, mzima, shati jeupe, meno nje, anavuta pumzi. "Ndovu-u-u kwa Mwandawiro-o-o!" Ngoma. Ndovu wa filamu akapita. Akaita ya pili. Akaita ya tatu, akapunga mkono kama mgombea ubunge, skrini ikawa nyeusi. Geoffrey akafuta, akawaonyesha pale palipoandikwa kwamba hakuna kitu, akaaga huku analia, akatoka.

Kuku walikuwa wakiparura nje. Elsie aliinua ungo akapepeta, maganda yakaruka.

"Umeisikiza yote, Mama Cynthia?"

"Nimeisikiza."

"Umesikia mahali nilipokuita wewe?"

Ungo ukasimama. Elsie hakuinua macho.

"Siku ile nilikuita," Mwandawiro alisema. "Mara mbili. Nilikuwa chini. Nilikuita wewe."

Alipokwisha kusema hivyo, roho yake yote ikaanza kuomba adanganywe. Aseme tu hakusikia. Aape kwa Cynthia kwamba hakusikia, yeye angeamini, angeshukuru, angeomba msamaha kwa kuuliza. Elsie aliweka ungo chini polepole, asimwage.

"Nilikusikia," alisema. "Nilijua ni wewe. Nilidhani unataka chai, Baba Cynthia. Nikasema acha hawa wafunge ndoa kwanza."

Mwandawiro alitazama magongo yake yaliyoegemezwa ukutani.

"Na chai ilikuwepo?"

"Ilikuwepo," Elsie alisema. "Kwa chupa."